Kopo la Jembe na Kopo la Jogoo

Juzi wamekuja wawili hapa kwangu, msichana na mvulana, makoti meupe, bodaboda imewashusha pale kwenye mibuni. Shikamoo bibi, shikamoo bibi. Vizuri, adabu wanayo. Kisha msichana akatoa karatasi, akalainisha sauti kama anabembeleza mbuzi aingie zizini: "Bibi, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ya mgongo wako ni ngapi?"

Nikamwambia, "Mia."

"Bibi, mwisho ni kumi."

"Basi andika kumi. Hizo tisini nitakaa nazo mwenyewe."

Wakacheka, nikacheka, na akaandika kumi! Nilikuwa nimekaa chini kwenye nyasi namenya ndizi, sufuria ya pili hiyo, nainama na kuinuka bila kuguna. Angetazama mikono yangu angeandika mbili, tatu. Hakutazama. Kaandika utani wangu, kaondoka nao, na huko mbele mtu mwingine atapimiwa dawa kwa utani wa bibi mmoja.

Ndiyo maana nasema na nyie mnaojaribu dawa mpya za watu wanaoumwa miaka na miaka, magoti, migongo, nyonga. Mimi naitwa Felista. Sikusoma, hata jina langu nikiandikiwa ukutani nitapita. Lakini kazi yenu hiyo niliifanya kabla bibi zenu hawajaolewa, kwenye hospitali ndogo ya misheni huku kwetu upande wa Mabira, wakati Wazungu bado wanatawala. Na niliiharibu vibaya sana kabla sijaijua. Kaeni.

Nilikuwa nafagia. Nafagia, nachota maji, nafua bandeji. Daktari wetu alikuwa Mzungu mrefu, akipita mlangoni anakunja shingo kama korongo, sisi tulimwita Dakta tu. Chini yake kulikuwa na dresa, yule wa kufunga vidonda na kuandika, anaitwa Mathayo, kwao Bukoba. Mathayo alivaa viatu hata akienda chooni. Akiongea anapandisha pua: "Sisi kule Bukoba, mgonjwa anapanga foleni. Nyie Wanyambo wa huku mnapanga mafungu, kama viazi."

Siku moja Dakta ananiita. Nikajua nimevunja chupa.

"Felista. Wewe najua soma?"

"Hapana, Dakta."

"Kidogo?"

"Hata kidogo."

"Zuri! Zuri sana!" Akafurahi, akapiga makofi. Mimi nikafikiri huyu Mzungu jua limemwingia. Tangu nizaliwe hakuna mtu amenipongeza kwa ujinga wangu.

Kumbe kulikuwa na makopo mawili yametoka mbali, ya vidonge vipya vya maumivu ya viungo. Kopo moja lina dawa. Kopo la pili lina vidonge vya unga tu, vyeupe vilevile, ukubwa uleule. Dakta alichora picha juu ya kila kopo, moja jembe, moja jogoo. Jogoo wake alifanana na birika lenye miguu, lakini tulimwelewa. Kila mgonjwa alipewa kadi yenye picha yake, jembe au jogoo, na kazi yangu ni kumpa vidonge vya picha yake. Dawa iko kopo gani? Dakta mwenyewe hajui, Mathayo hajui. Karatasi yenye siri iko Bukoba kwenye kasha la bwana mmoja. Na barua yoyote ikija mimi siwezi kuichungulia, ndiyo ile furaha ya Dakta.

"Kwa nini hujui na wewe ndiye Dakta?" nikamuuliza.

Akajikuna shingo. "Mimi nikijua, mimi napenda dawa yangu. Nitaona mtu napona, hata kama hapana pona. Wewe vilevile. Mtu kama napenda, macho yake danganya."

Nikamwambia macho yangu hayadanganyi. Akanikabidhi makopo.

Kwanza nilifikiri ni ukatili, kumpa mzee unga. Lakini nikakumbuka kibanja chetu. Mwaka mmoja mume wangu alimwaga samadi shamba zima, na mwaka huohuo mvua ikanyesha kama imetumwa, ndizi zikawa kama mapaja. Akajigamba kwa samadi yake mpaka kwa jirani. Jirani hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na ndizi zake kama mapaja vilevile! Ndiyo hivyo. Ukitaka kujua samadi, lazima uwe na shamba ambalo hukuweka.

Basi tukaanza. Na fujo ikaanza.

Fujo ya kwanza: vidonge vya wiki vinaisha siku ya pili. Mwanzoni Dakta alikuwa anawapa waende navyo. Mzee Kagaruki, mgonjwa wetu wa nyonga, mcheshi, fimbo mkononi, amerudi mikono mitupu. Nikamuuliza vimekwenda wapi.

"Nimekula."

"Vyote?"

"Ah, Felista. Kaka yangu naye ana mgongo. Wake zangu wawili, magoti. Nile peke yangu watu wanitazame? Mimi mbwa?"

Huwezi kumlaumu. Huku kwetu hata ukichemsha kiazi kimoja unakikata. Lakini nyumba nzima inakula vidonge vya kadi moja ya jogoo, utapima nini? Basi nikamwambia Dakta tuchukue wagonjwa wa karibu tu, waje kila asubuhi, wameze mbele yangu, nami naangalia chini ya ulimi. Kagaruki alikuwa ananitolea ulimi mrefu mpaka watoto wanakuja kutazama.

Fujo ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu ilivaa nguo nzuri. Kila Jumamosi Mathayo anakaa mezani, kalamu, anauliza. Mzee Kagaruki anaingia, anajikokota, anashika ukuta.

"Mzee, nyonga inaendeleaje?"

"Nzuri! Nzuri kabisa! Mungu ambariki Dakta, na mama yake Dakta!" Na anatoa kuku kwapani, anamkabidhi.

Mathayo anaandika: amepona. Aliyepona huyo anatoka, ngazi mbili tu za mlangoni, ameomba asaidiwe na watu wawili.

Wote walikuwa hivyo. Nzuri, nzuri, nzuri. Mathayo akajaza daftari kwa kupona. Dakta akakuna shingo mpaka ikawa nyekundu, maana wa jembe wamepona na wa jogoo wamepona, hata wale waliokuwa wanalia.

Aliyenifungua akili ni mama mkwe wangu. Nyumbani tulimwita Mawe, ndivyo tunavyomwita mama. Mwanamke mfupi, ulimi mrefu kuliko fimbo ya Kagaruki, na magoti yamevimba kama vibuyu. Naye alikuwa kwenye majaribio, kadi yake jogoo. Nilimweleza, akanicheka.

"Mkamwana, wewe umezaliwa wapi? Mtu amekuletea zawadi kutoka kwao. Anakuuliza, 'Zawadi yangu nzuri?' Utamjibu, 'Imeoza'?"

"Lakini Mawe, ni dawa."

"Ni ya kununua? Ametupa bure. Basi ni zawadi. Msiniulize kama nzuri. Nitasema nzuri mpaka nife."

Siku hiyo nikaacha kuuliza, nikaanza kutazama. Vijana, sikilizeni hapa, hii ndiyo kazi yenyewe. Wanawake wa kwetu tulikuwa tunapiga magoti kusalimia. Kwa hiyo kila mgonjwa mwanamke aliyeingia alinionyesha magoti yake bila mimi kuomba! Nikawa nasimama mlangoni, nasubiri salamu. Huyu kashuka moja kwa moja. Huyu kashuka kwa goti moja, la pili amelivuta kama gunia. Huyu kaweka mkono chini kwanza. Huyu kashuka vizuri lakini kuinuka ndiyo kazi, anakaa pale anajifanya anauliza habari za watoto mpaka apate nguvu.

Na wanaume? Nawauliza mambo ya kibanja. "Mkungu ule nani amekata?" Akisema "kijana wangu," na wiki iliyopita alisema "mimi," nimeshajua. "Rubisi mlikunywa wapi juzi?" Akisema pombe hiyo ya ndizi aliinywa nyumbani kwake, na mtu huyo hajawahi kukosa kibuyu cha jirani, basi hakuweza kutembea. Maumivu hayako mdomoni. Yako kwenye kazi ambazo mtu ameziacha bila kutangaza.

Nikamweleza Dakta. Akafurahi, akamwambia Mathayo aandike magoti na mikungu. Mathayo akaweka kalamu chini: "Mimi nimesomea kuandika magonjwa. Sikusomea kuandika rubisi." Lakini akaandika.

Tulitaka pia hesabu, kama nyie na kumi yenu. Nikasema tutumie buni, zile kahawa za kutafuna tunazompa mgeni. Kila mtu anapewa tano, anatembea mpaka kwenye kikapu cha Dakta nyuma ya pazia, maumivu makali anaacha tano, kidogo anaacha moja, hakuna anayemwona, hakuna wa kumwonea aibu. Fundi mimi! Jumamosi hiyo Dakta akafungua kikapu: kitupu. Wamepona wote? Natoka nje, nawakuta wamepanga mstari kwenye nyasi, wazee wangu wote, mashavu yamevimba, wanatafuna. Kagaruki akasema, "Felista, leo mmetukaribisha vizuri. Mmezikausha wapi?" Tukahamia kwenye vijiwe vya mtoni.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mawe alikuwa na binti mmoja, Kokusima, ameolewa Kibingo. Kokusima alikaa miaka mingi bila mtoto, na wakwe zake walimsema mpaka maneno yakaisha wakaanza upya. Mwaka huo akajifungua. Habari ilipofika, Mawe alicheza amekaa, kwa mabega tu. Kisha akatazama magoti yake. Kibingo ni mwendo wa kutwa, kupanda na kushuka.

"Nitakwenda," akasema. "Nataka nimbebe kabla hajaanza kutambaa. Nataka wale wakwe wanione naingia pale kwa miguu yangu."

Kila asubuhi namtazama anatoka mlangoni, anafika kwenye migomba ya kwanza, anarudi. Kesho yake tena. Hakuipita ile migomba. Na kila asubuhi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nampa kidonge cha jogoo.

Nikavionja. Ndiyo, nilivionja vidonge, nani hawezi? Cha jogoo hakina ladha, kama kulamba ukuta. Cha jembe kichungu mpaka masikio yakasimama. Nikajua. Tangu lini dawa ya kweli ikawa haina uchungu? Siri imefungiwa Bukoba ndani ya kasha, mimi nimeifungua kwa ulimi!

Hapo ningemwambia Dakta. Sikumwambia. Nilimpenda Mawe, na macho yangu yakadanganya kama alivyosema yule korongo. Nikawa narudisha habari kwa Mathayo, "Leo viwili vya jembe vimevunjika," navifunga kwenye pindo la kanga, nampelekea Mawe nyumbani. Pale hospitali anameza jogoo mbele ya watu, nyumbani anameza jembe.

Wiki moja tu, Mawe anapiga magoti na kuinuka kama msichana. Ameipita migomba. Amefika kisimani. Anaimba! Mimi kiburi kikanijaa kifuani. Nikawaza: kama viwili vinamfikisha kisimani, vitatu vitamfikisha mlimani, na vinne vitamfikisha Kibingo. Nikampa vinne kwa siku.

Akaanza kula kidogo. Nampa ndizi, maharage, anachezea. "Mawe, kula." "Nimeshiba, mkamwana." Mchana, nimeshiba. Jioni, nimeshiba. Alianza kunywa maji kwa mkono umekamata tumbo, hivi, na mimi nikaona magoti tu. Magoti yalikuwa mazuri mno!

Asubuhi moja alikwenda kukata majani ya mgomba ya kufunikia chakula. Nikasikia kisu kimeanguka. Nikamkuta chini kati ya mashina, uso umekuwa na rangi ya majivu, na nguo yake imechafuka kwa choo cheusi, cheusi kama masizi ya sufuria. Mume wangu na jirani wakafunga machela ya miti, tukakimbia naye.

Dakta akamshika tumbo, akamfunua macho, akauliza, "Kadi?"

Mathayo akasoma: "Jogoo, Dakta. Kimoja kila asubuhi, mbele ya Felista."

"Kimoja hapana fanya hii," Dakta akasema. Akafikiri. "Minyoo. Labda minyoo nakula damu. Mathayo, leta ile dawa kali ya kuharisha."

Mathayo akaenda kabatini. Mimi nimesimama, kanga yangu ina fundo, ndani ya fundo vidonge vitatu vya jembe. Nikamtazama Mawe, midomo imekauka. Sikujua dawa ya minyoo itamfanya nini. Nilijua tu kwamba Dakta anatibu mtu ambaye hayupo, anatibu Mawe wa kwenye kadi, na huyu wa kitandani hamjui. Nikisema, nimefukuzwa, labda nimefungwa. Nisiposema, nimemuua. Mathayo anarudi na chupa, viatu vyake vinalia ko, ko, ko.

Nikafungua fundo, nikaviweka mezani.

"Amekula hivi, vya jembe. Nilimpa mimi."

Dakta hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kasha la bandeji, akasema kitu kwa lugha yao, kifupi. Kisha: "Ngapi?"

"Vinne kwa siku."

"Siku ngapi?"

"Tangu watu walivyoanza kung'oa maharage."

Akamgeukia Mathayo. "Rudisha chupa. Hii harisha ngempa, yeye nakufa."

Akamsimamishia vidonge vyote. Akampa maziwa kidogo kidogo, na ile dawa ya maji meupe kama chokaa, akaamuru asiinuke hata kukaa. Kisha akamwinamia sikioni, sauti yake ikawa ndogo: "Mama. Tumbo nauma siku nyingi?"

"Siku nyingi," Mawe akasema.

"Kila Jumamosi wewe nakuja. Kwa nini hapana sema?"

Mawe akafungua jicho moja. Hata pale, jamani, hata pale ulimi haukufa. "Hamkuniuliza tumbo. Mmeuliza magoti. Magoti nikawajibu."

Akapumua. "Na huyu mkamwana amenipa kwa mkono wake mwenyewe. Nimwambie inanichoma?"

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Mathayo akaja akakaa pembeni yangu, na viatu vyake. Hakupandisha pua. Akasema tu, "Mimi ndiye niliyeandika 'vimevunjika.' Kila siku viwili, mwisho vinne. Sikuuliza."

Dakta akatoka, ameshika karatasi. Ilikuwa barua yake ya majaribio, ya kwenda kwa wenye dawa, gari la Bukoba lingeipeleka wiki hiyo. Ilisema vidonge vya makopo yote mawili havijamdhuru mtu. Akaichana, vipande vinne, akaviweka mfukoni, maana hakuwa mtu wa kuchafua uwanja niliofagia.

"Felista. Kama Mama ana tumbo, wengine je?"

Basi tukatoka, mimi na Mathayo, nyumba kwa nyumba, kwa wote wenye kadi. Njia ina matope, nyumba ya pili Mathayo akavua viatu, akavibeba shingoni kwa kamba. Mathayo anauliza, "Tumbo linauma?" Wanajibu, "Nzuri!" Nikamwambia kaa kimya. Nikauliza: jana mlipika nini? Wewe ulikula vidole vingapi vya ndizi? Nani alimaliza chakula chako? Tangu lini unaacha maharage? Chooni, rangi gani? Hapo ndipo yakatoka. Mama mmoja wa jembe alikuwa anampa mjukuu sahani yake kila siku. Mzee mmoja wa jembe alikuwa anakunywa majivu yaliyochujwa ili moto utulie. Walikuwa wanakula kidonge kimoja tu, kihalali, na bado wameungua. Wa jogoo, hakuna.

Na Mzee Kagaruki? Tulimkuta kwenye kilabu cha rubisi, mbali na kwake, fimbo hana. Amepona! Kweli amepona, nilimtazama kwa macho yangu yote ya kushuku, anatembea. Kadi yake jogoo. Unga! Karatasi ya siri ilipokuja kutoka Bukoba ikasema hivyohivyo, jembe ndiyo dawa, jogoo unga. Mathayo akachanganyikiwa. Mimi sikuchanganyikiwa sana. Mtu ameamka kila asubuhi, ametembea mpaka hospitali, amesalimiwa, ametoa ulimi wake, amechekwa. Hiyo nayo inaingia kwenye nyonga kidogo. Ndiyo maana mnahitaji jogoo. Bila jogoo mngeisifu dawa kwa kazi ya salamu.

Siku ya tatu Mawe aliomba mchuzi. Siku ya tano alimwambia Mathayo kwamba viatu vyake vinanuka. Tukajua atapona.

Mimi Dakta alininyang'anya makopo, akanirudishia ufagio. Haki yangu. Nilifagia mwezi mzima bila kuinua macho. Kisha akaniita, ana vidonge vipya mezani. "Onja."

Nikafikiri ananitega. Nikaonja cha kwanza, kitamu. Cha pili, kitamu vilevile. Vyote vimepakwa sukari. Aliwaandikia wenye dawa, akawaambia mfagiaji wake amewashinda kwa ulimi. Kumbe yeye hakuwahi kuvionja! Mtu wa elimu yote ile.

Tukaanza upya, na safari hii nilikuwa na masharti. Nilimwambia Dakta: watu waambiwe. Tuliwakusanya mchana, nikasimama mbele yao mimi. Kuna makopo mawili, moja dawa, moja unga, hata Dakta hajui. Wakacheka, "Dakta hajui!" Nikawapa habari ya samadi na mvua, wakaelewa kuliko Mathayo. Nikawaambia dawa hii iliuma matumbo ya watu, ilikaribia kumuua Mawe, kwa hiyo anayetaka abaki, asiyetaka akale kwake, hakuna anayekasirika. Wengine waliondoka. Waliobaki walibaki wakijua. Na nikawaambia: ukisema dawa mbaya hujamtukana Dakta. Dakta amekuja hapa kutafuta ubaya wa dawa. Ukimficha, unamnyima alichokifuata.

Tukawa tunauliza tumbo kabla ya goti. Dakta akapunguza dozi, kidonge baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo hakuguswa. Barua ya pili ilipokwenda ilisema ukweli: inasaidia viungo, inauma tumbo, mchunge. Walioisoma walifanya nini, sijui, hawakuniandikia, na wangeniandikia ningeisomaje?

Lakini Mawe. Mtoto wa Kokusima alikuwa tayari anakaa mwenyewe, bado kutambaa. Dakta akamwita Mawe, akamwekea kiti, akakaa chini yake kidogo. "Mama, hii dawa nachoma wewe. Mimi naogopa kukupa. Bila hii, magoti nauma. Wewe nataka nini?"

Mimi nilitaka kujibu kwa niaba yake. Nikajiuma ulimi.

Mawe akayapapasa magoti yake. Akasema, "Sitaki ya kila siku. Siku zote nitalala na magoti yangu, tunafahamiana. Nataka ya kwenda Kibingo na ya kurudi. Basi."

Dakta akakuna shingo. Akasema ile ya jembe hapana, tumbo bado bichi. Akampa vidonge vichache vya dawa nyingine isiyochoma tumbo sana, vya kumeza na maziwa, akamwapisha kwamba tumbo likiwaka anaacha palepale. Na akasema atasukumwa kwenye milima kwa baiskeli ya misheni, kwenye tambarare atembee. Mawe akakataa baiskeli. Wakabishana, Mzungu na yule bibi, Kiswahili cha wote wawili kibovu, mwisho wakapatana: baiskeli itampandisha milima yote, lakini kwenye kona ya mwisho, kabla ya nyumba ya wakwe, atashuka.

Nilikwenda naye. Kwenye kona alishuka, akafunga kanga upya, akaingia uwanjani kwa wale watu kwa miguu yake, polepole, anachechemea, shingo imenyooka. Kokusima alitoka na mtoto akampa. Wakwe wakainuka kumpisha kiti.

Tuliporudi, Jumamosi, Mathayo yuko mezani. Mawe akaingia, hakupiga magoti, akakaa kwenye kiti.

"Mama, habari za safari?"

"Goti la kushoto limeniua tangu mlima wa pili," Mawe akasema. "La kulia baya. Vile vidonge vyenu dhaifu, ni kama kumpiga ng'ombe kwa unyoya. Usiku nililia. Tumbo halina neno, nimekula kila nilichopewa. Mtoto ana meno mawili." Akaona kalamu imesimama. "Mbona huandiki? Andika!"